Kumwaza Mtu Si Kumtunza

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, mama zetu na dada zetu, na ninyi vijana wetu,

Ijumaa hii tuzungumze juu ya mzigo ambao kila nyumba inaujua, nao ni mawazo. Tazameni namna tunavyolitumia neno hili. Tukisema, "Mzee yule ni mtu wa mawazo," tunamsifu: ukiwa na shida utakwenda kumwomba shauri. Lakini tukisema, "Yule mama ana mawazo," tunamhurumia: amekonda, halali usiku, ukimsalimu hasikii. Neno ni moja, watu ni wawili. Mmoja anafikiri mpaka anapata njia. Mwingine anafikiri mpaka anapotea. Basi tuulizane: mpaka kati ya hao wawili uko wapi?

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kasongo ana kijana aliyekwenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya dhahabu ya Kamituga. Jumapili wameongea kwa simu, kijana ni mzima, anacheka. Jumatatu mama anapiga, simu haipatikani. Jumanne vilevile. Jumatano usiku mama halali. Labda simu imeharibika. Labda ameiuza juu ya njaa. Labda amekamatwa njiani. Labda shimo limemwangukia. Labda alikufa tangu Jumatatu na wenzake wanaogopa kuniambia. Mbona rafiki yake naye hapigi? Mbona jana nilimwota amevaa nguo nyeupe? Mpaka adhana ya alfajiri mama huyu amekwisha kumfisha mtoto wake mara kumi na kumzika mara kumi. Na jua likitoka, hana habari hata moja zaidi ya ile aliyokuwa nayo Jumapili.

Ukimwambia, "Mama, acha kuwaza," atakujibu: "Nisipomwaza mwanangu, mimi ni mama gani?"

Ndugu zangu, jibu hilo tusilipite haraka. Wengi tunashikilia mawazo mabaya juu ya kuamini kwamba kuyaacha ni kukosa mapenzi. Mke anamwaza mume aliye safarini. Baba anawaza karo ya masomo. Mwenye deni anawaza siku ya kulipa. Kila mmoja anaona kwamba akilala usingizi mzuri amemsaliti mtu. Swali letu la leo ndilo hilo: je, kumwaza mtu ni kumpenda?

WAZO LINALOKUJA LENYEWE

Kabla ya kujibu, tuwatue watu mzigo mmoja. Wako wanaosema mwenye mawazo mengi ana imani ndogo. Maneno haya yanaumiza, na dini haikuyasema. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi inanong'ona, maadamu mtu hajayatamka wala kuyatenda. Tena Muslim amepokea kwamba baadhi ya maswahaba walikwenda kwa Mtume (s.a.w.) wakalalamika: wanakuta ndani ya nafsi zao mambo mazito ambayo hata kuyatamka wanaona vibaya. Hakuwakemea. Aliihesabu hali yao hiyo kuwa ni imani iliyo wazi, na wanachuoni wakaeleza kwamba kule kuchukizwa kwao ndiko dalili ya imani.

Basi wazo la kwanza, lile linaloruka lenyewe kichwani, halina dhambi. Ni kama mpita njia anayechungulia mlangoni. Hukumwita. Lakini ukimfungulia, ukampa kiti, ukampikia chai, ukamwambia, "Hebu nieleze zaidi, shimo limeangukaje?", hapo amekuwa mgeni wako, na mgeni wa namna hii haagi. Kwa wazo la mlangoni hatuulizwi. Kwa lile tuliloliketisha, na kwa kazi tulizoziacha tukilihudumia, tunaulizwa.

Wale waliojaribiwa na waswasi katika udhu wanaijua habari hii vizuri. Mtu anaosha mkono mara tatu, anasema labda haukufika maji. Anaosha mara ya nne, mara ya saba. Imamu amerukuu, yeye bado yuko kwenye birika. Kila akilijibu swali, swali linazaa mtoto. Dini imemfundisha nini mtu huyu? Haikumwambia aoshe mpaka moyo utulie, juu ya kuwa moyo wa namna hiyo hautulii kwa maji. Imemwambia akate: osha mara tatu, toka, kaswali. Aliyetia shaka kama udhu wake umetenguka asiache swala mpaka asikie sauti au apate harufu. Aliyetia shaka kama ameswali rakaa tatu au nne ashike ile tatu aliyo na yakini nayo, aongeze moja, kisha asujudu sijda ya kusahau. Kutokana na mafundisho haya mafakihi wakaweka kanuni kubwa: yakini haiondolewi na shaka.

Tuitoe kanuni hii kwenye birika tuipeleke kitandani kwa mama wetu. Yakini yake ni ipi? Kwamba Jumapili mwanawe alikuwa mzima. Shaka yake ni ipi? Yote yaliyobaki. Hakuna sauti iliyosikika, hakuna harufu iliyopatikana. Kuna simu isiyopatikana, na katika inchi yetu hii simu inakosa kupatikana kwa sababu mia moja kabla ya kifo.

MAMA YAKE MUSA

Sasa turudi kwenye swali la mapenzi. Quran imetuwekea mama mwingine, katika Suratul Qasas. Mama yake Musa aliamriwa kumtia mwanawe mchanga mtoni, wakati Firauni anaua watoto wa kiume. Ni nani kati yetu mwenye hofu kubwa kuliko hiyo? Quran haikuficha hali yake. Inasema moyo wake ulikuwa mtupu, alikaribia kuitoboa siri yake, kama Mwenyezi Mungu asingaliufunga moyo wake ukawa imara. Hakuitwa mwenye imani ndogo. Ni mama aliyepewa ahadi na Mola wake, na bado moyo ulimtoka.

Lakini angalieni alichofanya. Hakukaa ukingoni kuhesabu mamba. Alimwambia dada yake Musa maneno machache: mfuate. Jambo moja, dogo, lililo ndani ya uwezo wake. Yule dada akafuata kwa mbali, akaona mtoto ameokotwa na watu wa Firauni, akaona anakataa matiti ya wanyonyeshaji, akaingia na shauri la nyumba ya kumlea. Musa akarudi kifuani kwa mama yake. Kilichomrudisha, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, ni miguu ya yule msichana. Kama mama angalitumia siku ile yote kuwaza, nani angalimtuma?

Nabii Yakubu naye (a.s.) alilia juu ya Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe. Kwa hiyo asije mtu kuwaambia waliofiwa wasilie. Huzuni ni haki ya moyo. Lakini Yakubu huyohuyo, aliyesema analalamikia huzuni yake kwa Mwenyezi Mungu, ndiye aliyewaambia wanawe: nendeni mkamtafute Yusuf na ndugu yake, wala msikate tamaa. Machozi yake hayakumzuia kutoa amri. Na kabla ya hapo alipowaogopea wanawe, aliwaagiza waingie kwa milango mbalimbali, kisha akakiri kwamba yeye hawezi kuwakinga na Mwenyezi Mungu kwa lolote. Alifanya sehemu yake, akaikabidhi iliyobaki.

Hapa ndipo tunapoupata mpaka tuliokuwa tunautafuta. Fikira nzuri ina mwisho, na mwisho wake ni kazi: mfuate, mpigie fulani, uliza, funga, lipa, omba msamaha. Waswasi hauna mwisho. Unazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti: anatembea kutwa, jioni yuko palepale, na kamba imekuwa fupi zaidi.

Tena tumwulize mama wetu kwa upole: usiku wa Jumatano nani amelipa gharama ya mawazo yako? Aliye Kamituga hakupata kitu. Mawazo hayamfikishii chakula, hayamfungii kofia, hayashikilii miti ya shimo. Lakini wako watoto watatu waliobaki nyumbani. Sombe imeungua juu ya moto. Mdogo ameomba feza ya daftari akafokewa. Msichana amerudi na habari njema ya masomo, hakuna aliyemsikiliza. Mapenzi gani haya yanayomlisha aliye mbali kwa hewa, na kumnyima aliye karibu chakula?

Na liko jambo jingine lililofichika zaidi. Mtu akizoea kuwaza, anaanza kuona kwamba kutolala kwake ndiko kunakozuia balaa. Anaogopa kuacha, kana kwamba akisinzia kidogo tu, shimo litaanguka. Ndugu yangu, ulinzi huo una Mwenyewe, na Yeye hasinzii wala halali. Wewe umepewa sehemu yako ndogo. Ukijaribu kuibeba na ile isiyo yako, utaziangusha zote mbili.

WAZO LINATAFUTA WA KULAUMIWA

Mtu anaweza kusema: haya ni mambo ya moyo wangu, yanamhusu nani mwingine? Yanawahusu wengi. Wazo likikosa kazi ya kufanya, linatafuta mtu wa kulaumiwa.

Siku ya tano mama anaanza: mbona mkwe wangu hakulia? Mbona yule bibi wa kartie aliuliza habari za mwanangu wiki iliyopita? Mbona huyu mtoto wa marehemu tunayemlea, tangu aingie nyumba hii mambo yetu hayaendi? Hakuna aliyetenda lolote. Ila wazo limekuwa na njaa, linataka nyama. Tumeshuhudia katika inchi yetu wapi njia hiyo inakofika. Wazee wa kike wamepigwa. Watoto, wengi wao yatima, wamefukuzwa nyumbani wakalala sokoni, juu ya kuitwa wachawi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, imekataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka adhabu. Kabla ya sheria hizo, Suratul Hujurat ilikwisha kutuamuru tujiepushe na dhana nyingi, juu ya kuwa baadhi ya dhana ni dhambi, na ikakataza kupelelezana.

Angalieni mpangilio. Dhana kwanza, upelelezi baadaye, kisha maneno ya nyuma ya mgongo. Aliyeng'oa dhana ikiwa mche hatahitaji shoka. Ndiyo maana kuyatunza mawazo yetu ni wajibu kwa jirani pia, si raha yetu tu. Mtoto yatima hawezi kujitetea mbele ya jambo ambalo wewe umeliona kichwani saa nane ya usiku.

JE, KUACHA KUWAZA NI UPUMBAVU?

Mwingine atapinga, na ana haki. Atasema: shehe, mashimo yanaanguka kweli. Mwezi wa Septemba 2020 mvua kubwa ilijaza mashimo ya Kamituga na watu wengi walikufa humo. Vita ni kweli. Mlima Nyiragongo ni kweli. Unataka tujifanye hatuoni?

Hapana. Twende Goma tujifunze. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ukaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021, siku ya Jumamosi jioni, mlima ulipasuka tena, ardhi ikatetemeka siku nyingi, na tarehe 27 Mei watu wa sehemu kubwa ya mji wakaamriwa kuondoka. Walikimbilia Sake, Bukavu, Rwanda. Katika mbio zile watoto wengi walipotezana na wazazi wao.

Sasa fikirini wazazi wawili wa Goma. Wa kwanza kila usiku anatazama wekundu ulio juu ya mlima na kuwaza. Wa pili jioni moja amekaa na watoto wake, amewafundisha jina kamili la baba na mama na namba ya simu, hata mdogo anaisema kwa moyo. Wamekubaliana nyumba ya kukutania wakipotezana. Ametia vyeti vya kuzaliwa katika mfuko mmoja karibu na mlango. Kazi hiyo ilichukua saa moja. Kisha akalala. Nani kati yao anauogopa mlima kwa akili? Nani anawapenda watoto wake? Hata wataalamu wanaouangalia mlima ule wanapima kwa vyombo na kuandika vipimo. Anayelinda na anayewaza wote wawili wako macho, lakini asubuhi mmoja ana kitu mkononi.

Hatari ya kweli, basi, inastahili kazi ya kweli. Ukikwisha kuifanya, yale yanayobaki kichwani si tahadhari tena. Ni moshi.

WALIYOYAONA WALIOCHUNGUZA

Kwa kuwa tumetaja ardhi kutetemeka, iko habari moja ya mbali inayofanana na yetu. Huko California, Marekani, mwanachuoni wa elimu ya nafsi aitwaye Susan Nolen-Hoeksema aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford: mkiwa na huzuni, mnafanyaje? Wengine walisema wanainuka na kufanya jambo. Wengine walisema wanakaa na kuigeuzageuza huzuni yao: kwa nini mimi, kwa nini niko hivi. Siku kumi na nne baadaye, tarehe 17 Oktoba 1989, tetemeko kubwa likapiga mahali pale. Hakulipanga, lakini majibu yao alikuwa nayo tayari. Akawauliza tena baada ya siku kumi, na tena baada ya wiki saba. Wale waliokuwa na desturi ya kugeuzageuza ndio walioonekana kuzama zaidi katika huzuni, hata ukihesabu hali waliyokuwa nayo kabla. Tetemeko liliwapiga wote. Desturi ya mawazo ndiyo iliyoamua kwa sehemu nani atabaki chini yake.

Mwingine, Daniel Wegner, mwaka 1987 aliwaomba watu wafanye jambo rahisi: wasimfikirie dubu mweupe, mnyama mkubwa wa inchi za barafu, na kila wakimfikiria wapige kengele. Kengele haikunyamaza. Baadaye walipoambiwa sasa mna ruhusa, walimfikiria zaidi kuliko watu ambao hawakukatazwa mwanzo. Kwa hiyo yule anayepigana na wazo, "Toka! Nisikuwaze!", anamwita kwa jina kila mara. Mlango haufungwi kwa kumtukana mpita njia. Unafungwa kwa kuinuka na kwenda kufanya kazi yako ndani.

Wala elimu hii haikuanza kwao. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, huko Balkh, katika inchi inayoitwa leo Afghanistan, aliishi mwanachuoni Muislamu, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, yaani 934. Aliandika kitabu cha kutunza miili na nafsi kwa pamoja. Aliwalaumu waganga wanaotibu mwili na kuisahau nafsi. Sehemu ya nafsi aliigawa katika milango, ya hasira, ya hofu, ya huzuni, na ya mwisho akaiweka ya waswasi. Shauri lake moja ni hili: mtu aweke akiba ya mawazo mazuri siku akiwa na utulivu, kama mwenye hekima anavyoweka dawa nyumbani kabla ya ugonjwa, juu ya kuwa saa ya hofu si saa ya kutafuta hoja. La pili: mwenye waswasi asikae peke yake wala bila kazi, maana upweke na uvivu ni shamba lake. Alijua tena kwamba iko huzuni yenye sababu inayojulikana, na iko nyingine inayotoka ndani ya mwili bila mtu kujua kisa chake, na hiyo inahitaji dawa ya mwili. Malik Badri, mtaalamu wa nafsi kutoka Sudan, alikitafsiri sehemu ya kitabu hicho kwa Kiingereza ili walimwengu wajue kwamba mambo haya yalikwisha kusemwa zamani.

TUFANYE NINI?

Kwanza, wazo likija usiku, uliulize swali moja: unanitaka nifanye nini? Likiwa na jibu, liandike au liweke moyoni kwa ajili ya asubuhi. Mama wetu asubuhi ataweza kwenda kwa wafanyabiashara wanaotoka upande ule, au kumtafuta mwenye namba ya jirani wa kijana, au kutuma salamu kwa dereva. Likiwa halina jibu, ujue ni mpita njia. Usilijibu, usilitukane. Geuka upande, taja jina la Mola wako, uliache lipite. Litarudi. Uliache tena.

Pili, tofautisha yakini na shaka kwa kusema kwa sauti: "Ninalolijua ni hili. Lililobaki silijui." Mara nyingi tunalolijua ni dogo, na linabebeka.

Tatu, tupunguze neno "kama". Kama nisingalimruhusu kwenda, kama ningalilipa deni mapema. Mtume (s.a.w.) alitufundisha tukazanie yenye manufaa, tumwombe Mwenyezi Mungu msaada, tusilegee, na likitupata jambo tusiseme kama ningalifanya hivi, maana neno hilo linamfungulia Shetani kazi. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba ningalijua huja nyuma. Lililopita lichukulie funzo moja, kisha ulizike kwa heshima.

Nne, usikae peke yako. Mwambie mtu mmoja mwenye siri na akili, uyasikie mawazo yako yakitoka nje. Mengi yanayotisha kichwani yanapungua kimo yakifika mdomoni. Nasi tunaoambiwa tusikimbilie kusema "mtegemee Mungu tu" halafu tukaondoka. Tuulize: umekula? Tumpigie nani? Twende pamoja?

Tano, tujue kwamba iko hali inayopita mashauri haya. Aliyeona kwa macho yake kijiji kikichomwa, aliyetendewa ukatili wa vita, ambaye picha zinamrudia mchana na usiku miezi mingi, asiyekula, au anayetamani kufa, huyo ni mgonjwa kama mwenye malaria ni mgonjwa. Tusimfunge kamba, tusimpeleke kwa wanaotafuta mchawi. Tumpeleke kwa daktari. Goma wanaijua Tulizo Letu, Bukavu wanaijua Sosame, nyumba za kutibu magonjwa ya namna hii. Kusomewa dua na kumeza dawa havigombani. Mtume (s.a.w.) aliamuru tujitibu.

Ndugu zangu, iko dua mnayoifahamu wengi, aliyoipokea Anas na kutolewa na Bukhari. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na vitu vilivyotajwa viwiliviwili. Viwili vya kwanza ni wasiwasi na huzuni: wanachuoni wanasema kimoja kinahusu lijalo, kingine lililopita. Na majirani waliowekwa kando yao ni kushindwa na uvivu. Tuutafakari ujirani huo. Anayeishi katika kesho na jana, mikono yake ya leo inakufa ganzi. Na dawa ya mikono ni kuitumia.

Tukitoka hapa leo, kila mmoja achague jambo moja tu kati ya yale anayoyawaza, atafute kazi yake ndogo, aifanye kabla ya Magharibi. Amlipe mwenye deni hata kidogo. Amwendee aliyemdhania vibaya, amsalimu. Amfundishe mtoto namba ya simu. Amsikilize yule aliye karibu naye mezani, maana huyo ndiye amana tuliyopewa leo.

Ewe Mola wetu, tupe yakini ya kutuliza mioyo, na nguvu ya kutenda lililo ndani ya uwezo wetu, na adabu ya kukuachia lililo lako. Walinde watoto wetu walio mbali, uwahurumie walio karibu nasi na ulimi wetu. Wape waliofiwa subira, wagonjwa afya, na inchi yetu amani. Amin.

Wallahu aalam. Wassalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.